Hadithi Kando ya Sinki la Kufulia

Tulimzika dada yangu Robai Jumamosi, na niliporudi Kangemi nikakuta shule zimefungwa na nyumba yangu imejaa wajukuu. Ndivyo mambo yalivyo siku hizi. Mama yao anaenda kazini, baba yao anaenda kutafuta, na mzee kama mimi, kwa kuwa anaonekana amekaa tu, anaachiwa watoto na nusu mkate na kuambiwa, "Babu, waangalie." Kuangalia si kazi, macho bado ninayo. Kazi ni kwamba watoto wanachoka. Asubuhi wanacheza vizuri kama malaika, chai ikishaisha wanaanza kuumana, mchana bundles za simu zimekatika, na nje ni yale manyunyu ya Agosti ambayo si mvua na si ukavu. Mdogo wao akapanda juu ya magoti yangu akanishika ndevu: "Babu, sasa tufanye nini?" Nikamwambia hata mimi nimekuwa nikijiuliza swali hilo tangu nizaliwe. Wakacheka, wakaanza kuruka kitandani, mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa mti wa ufagio. Hapo ndipo Carol, mke wa kijana wangu, aliyekuwa amepitia kuchukua mwavuli, akapiga kelele, "Nyamazeni! Nyote! Nyamazeni!" Nikamwambia, "Carol, neno hilo usilitumie humu ndani." Akashangaa. "Kwani baba, nimewatukana?" Nikamwambia hapana, watishie fimbo ukitaka, waambie watoke nje, waambie kuna chui kwenye ngazi, lakini kunyamaza usiwaambie. Aliniangalia vile watu wanavyomwangalia mzee aliyetoka matangani, akachukua mwavuli wake akaenda.

Sikumweleza. Hata kule nyumbani kwenye maziko hakuna aliyeeleza. Kijana aliyesoma historia ya marehemu alisoma mahali alipozaliwa, akasoma ubatizo, akafika Nairobi akasema, "Alifanya kazi Nairobi miaka mingi kwa bidii," kisha akageuza ukurasa. Miaka yote hiyo katika sentensi moja! Nilitaka kunyoosha mkono kama mtoto wa shule, mzee wa kanisa aliyekuwa kando yangu akanishika goti akaniambia polepole, "Ndugu, programu." Haya, programu iliheshimiwa. Lakini mimi sina programu hapa. Shule niliiachia darasa la nne, naandika kama ninavyoongea, na katika miaka yote ya Robai ninataka kuutoa mmoja tu, ule niliokaa naye Muthangari, kwa sababu mimi ndiye niliyeuona na sasa nimebaki karibu peke yangu.

Nilikuwa kijana wa ndevu mbili tatu, nimekuja kutafuta kazi kama kila mtu wa kwetu. Robai, dada yangu mkubwa, alikuwa mfanyakazi wa nyumba. Ukienda Muthangari leo utakuta maghorofa ya vioo yameshikana mabega, hata mimi nikipita huko siku hizi siwezi kukuonyesha nyumba ile ilisimama wapi. Wakati huo kulikuwa na nyumba moja, nyasi, ua wa miiba, na nyuma kabisa, mbali na macho ya wageni, chumba cha mfanyakazi. Chumba kile nakijua kuliko ninavyokijua hiki ninachokaa. Kitanda kimoja cha vyuma, na leso imening'inizwa katikati ili mimi nilale upande wa mlango kwenye gunia. Stovu ya mafuta ya taa juu ya katoni. Kila kitu kilinuka mafuta ya taa, hata mkate, hata Biblia. Dirisha lilikuwa moja, limebandikwa magazeti badala ya pazia, na nje ya dirisha hilo, karibu kabisa, kulikuwa na sinki la saruji la kufulia nguo. Mimi madam, mwenye nyumba, alinijua. Aliniruhusu kulala pale kwa sababu Jumamosi nilikata ule ua wa miiba bila kuomba kitu. Lakini sheria ilikuwa moja: nyuma hakuna watoto. Mfanyakazi aliyemtangulia Robai alileta watoto kwa likizo ya siku chache, na watoto wakaanzia shule palepale. Madam akaapa. Naye hakuwa mzungu, msidhani. Alikuwa mtu wetu tu, wa kusali Jumapili na kusalimia kwa mikono miwili. Simsemi vibaya. Sababu alikuwa nayo.

Robai alikuwa na watoto watatu, wote nyumbani kwa mama yetu. Baba yao nitamruka, hana kazi katika habari hii. Jerida ndiye mkubwa, msichana wa miaka kumi hivi mwenye sura ya mama mzee. Kefa alimfuata, na huyo alikuwa na kicheko cha kuku anayetaga. Mwisho Finisi, ambaye aliachishwa ziwa akiwa hajatembea ili Robai arudi kazini, na sasa alikuwa anakaribia miaka minne. Mambo yalianza jioni moja tukila omena. Mama mmoja wa kwetu, aliyekuwa ametoka nyumbani wiki hiyo, alipita kutuletea njugu, na katika kusimulia akacheka akasema, "Yaani Robai, huyo kitinda mimba wako! Nyanya alimwonyesha picha yako, akauliza, 'Huyu anti ni nani?'" Akacheka tena. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa adabu. Robai aliendelea kula. Alikula mpaka akamaliza, akanawa, akamsindikiza mgeni hadi getini, akarudi akasimama mlangoni.

"Agosti wanakuja," akasema.

"Akina nani?"

"Watoto wangu."

"Watakaa wapi?"

"Hapa."

"Na madam?"

"Madam ana masikio mawili tu kama wewe. Tutayapita." Kisha akaketi kitandani akaniambia jambo ambalo sijalisahau, kwamba hata mbwa wa nyumba hii anajua mama yake ni yupi. Alitaka mwezi mmoja. Watoto wakisikika, kazi imeisha, na kazi ikiisha hakuna ada ya shule wala dawa za nyanya. Alilijua hilo zaidi yangu. Lakini alitaka Finisi amwite mama, na alitaka aitwe akiwa mbele yake, si kwenye picha.

Walikuja wakati wa baridi ile ya kuingia kwenye mifupa. Mzee Mutiso, askari wa geti, Mkamba mwenye koti la jeshi, aliwaangalia nikiwapitisha kwenye tundu la ua upande wa bondeni, akageuza uso. "Mimi sijaona watoto," akasema. "Nimeona mwanaume analisha kondoo." Tangu siku hiyo jina langu likawa Yaya. Kila asubuhi: "Yaya, umewanyonyesha?" Nilikasirika mwanzoni. Kijana umekuja Nairobi uwe dereva wa lori, unakuwa yaya! Baadaye nilizoea, maana Mutiso alikuwa akiniachia ugali wake wa usiku nikawape watoto asubuhi, na mtu anayekupa ugali anaweza kukuita anavyotaka.

Siku ya kwanza Robai alipika chapati. Chapati zenyewe alizikanda jikoni kwa madam akazileta amezifungia ndani ya taulo, na chumba kizima kikanukia kama Krismasi. Aliwapanga kitandani, akawaangalia wanavyokula, yeye mwenyewe hakugusa. Finisi alikula akiwa amemgeuzia mgongo. Alipomaliza akasema, kwa adabu nzuri aliyofunzwa na nyanya, "Anti, naomba maji." Jerida akamfinya. Robai akasema mwache, akampa maji. Halafu kikombe kile alikiosha muda mrefu sana.

Ndipo akawafundisha kukaa kimya. Hakuwatisha, na hilo nalisema kwa kumtetea. Aliwaambia ni mchezo. Kuongea ni kwa pumzi tu, mdomo karibu na sikio. Kikohozi ni ndani ya blanketi. Kicheko pia ndani ya blanketi, na Kefa aliishi humo. "Kefa, kuku wako ametoka tena," Robai alikuwa akimnong'oneza, na kijana akijitupa chini ya blanketi akitetemeka. Kulia hakukuwepo kabisa. Anayetaka kulia anaukamata mkono wa mwenzake anaubana mpaka kilio kiondoke. Watoto wanashika haraka, jamani. Baada ya siku chache ungeweza kusimama kwenye lile sinki la nje ukafua shuka zote za nyumba nzima usijue kwamba hatua chache kutoka kwako kuna watoto watatu wanacheza mawe. Robai alijivunia. Nami nilijivunia pia, nikafikiri tumeiweza Nairobi.

Kazi yangu ilikuwa kuwatoa. Bwana wa nyumba akishaondoka na gari, madam akiwa anaoga, tunapita kwenye tundu la ua, tunarudi jioni kabla taa za nje hazijawashwa. Siku nzima hiyo niwafanye nini, na mfuko wangu una mkono wangu tu? Tulitembea. Tulishuka Westlands, tukateremka na barabara kuu mpaka mjini, Finisi mabegani kwangu akishika masikio yangu kama usukani. Mjini nilijifunza kwamba kuna vitu havilipiwi. Lifti hailipiwi. Tuliingia kwenye ghorofa moja ndefu tukapanda na kushuka, Kefa akilia furaha kila tumbo lake lilipobaki chini, mpaka askari wa pale akatushika. "Wewe, hawa ni watoto wa nani?" Nikamwambia ni wangu. Akaniangalia juu mpaka chini. "Wako? Na wewe mwenyewe ni wa nani?" Watu wa ofisini wakacheka na karatasi zao mkononi, tukafukuzwa hadi barabarani. Wahubiri pia hawalipiwi. Saa ya chakula cha mchana, wafanyakazi wasio na chakula cha mchana walikuwa wanakaa kwenye bustani ya katikati ya mji kusikiliza injili, nasi tukakaa nao. Jerida alipenda sana. Aliokoka Agosti ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, maana kila mhubiri aliyeuliza nani anataka, yeye alisimama. Tulikula mandazi ya jana ambayo mama mmoja wa kibanda alinipa kwa kumchotea maji, na hindi moja la kuchoma tulilihesabu kwa mistari.

Na kulikuwa na daraja la waenda kwa miguu juu ya reli. Huko ndiko nilikokuwa nikiwapeleka wapige kelele. Nilikuwa nimeona kwamba mtoto aliyebanwa siku nzima anakuwa kama chupa ya soda iliyotikiswa, lazima ifunguliwe mahali. Treni ya mizigo ikija chini yetu, chuma kikisaga chuma, nilikuwa nawaambia, "Sasa!" na Kefa na Jerida walikuwa wanapiga mayowe mpaka mishipa inasimama shingoni, na hakuna mtu duniani angewasikia. Finisi alifungua mdomo pia. Alifungua kabisa, meno yote nje, macho yamefumbwa. Nilikuwa nimembeba, sikio langu liko hapo kwenye mdomo wake. Hakukuwa na kitu. Treni ilipopita Kefa akamwuliza, "Mbona wewe hutoi sauti?" Akajibu, "Nimetoa. Hamkusikia." Tukacheka. Leo nikilala namsikia akisema hivyo, lakini siku ile tulicheka tukaenda kutafuta miwa.

Sasa, nimesahau kusema kwamba madam naye alikuwa na watoto, wavulana wawili wa bodi, wale wa kulala shuleni, na shule zao zilikuwa zimefungwa vilevile. Walikuwa na baiskeli, mpira, na mashua ya kuchezea ndani ya beseni. Asubuhi ya pili walikuwa wameshachoka na vyote. "Mami, hakuna kitu ya kufanya." Ungewasikia kutoka bondeni. Madam akamwita Robai. "Hebu wasimulie hadithi, hawa watanimaliza." Basi ikawa hivyo, kila siku baada ya kuosha vyombo, Robai awatumbuize watoto wa madam. Na Robai alichagua mahali pake, juu ya ukingo wa lile sinki la kufulia, mgongo kwa dirisha la chumba chetu.

Madam alimwambia, "Robai, si mkae kwenye nyasi?"

"Hapa kuna jua, madam."

"Jua gani, Agosti?"

"Linakuja, madam."

Siku ambazo mvua ilitukatalia kutoka, nilikuwa ndani na watoto tukisikiliza. Watatu wale walikuwa wanapanda kitandani, wanaweka paji la uso kwenye yale magazeti ya dirisha, na mama yao yuko upande wa pili, karibu hivi kwamba angejinyoosha mgongo ungegusa kioo. Alisimulia kwa sauti kubwa, kubwa kuliko walivyohitaji wale wavulana wawili. Yeye Robai hakuwa msemaji, hata kanisani aliomba kwa kifupi. Lakini kwenye sinki lile alikuwa mwingine. Ilikuwa hadithi ya msichana aliyempoteza mama yake kwenye ukungu, akaenda akiuliza wanyama, na kila mnyama anampeleka kwa mama wa uongo. Fisi aliyevaa kitambaa. Bundi aliyeshika mwiko. Msichana anasimama mlangoni anaimba, "Mama yangu ana sauti, nikiisikia nitaijua," na wasikilizaji wanajibu, "Utaijua, utaijua." Wavulana waliitikia nje kwa nguvu. Ndani, watoto wetu waliitikia kwa midomo tu. Hadithi haikuisha siku moja, kila siku mnyama mpya. Mvulana mkubwa siku moja akauliza, "Robai, mbona wasichana wako wote wanaitwa Finisi?"

"Ni jina la kwetu," Robai akasema.

Nilimwangalia Finisi. Alikuwa ameweka mkono kifuani kwake, kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa kanisani.

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mvua haikuwa ya manyunyu tena. Nikapata kibarua cha mjengo Loresho, kubeba mawe, na Robai akasema nenda, kazi ni kazi, wao watakaa ndani. Kwa hiyo siku ile sikuwepo. Ninachosimulia nimekipata kwa Jerida, aliyekiona, na Jerida si mtu wa kuongeza chumvi. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Uji ulikuwa kwenye stovu, juu ya katoni, Jerida anakoroga. Nje, Robai ameketi kwenye sinki na wale wavulana, na hadithi siku hiyo ilikuwa imefika mlango wa mwisho, ule wa mama mwenyewe. Finisi alitaka kusogea karibu na dirisha. Akashuka kitandani ili azunguke, mguu ukashika leso, leso ikashika katoni. Uji ni mbaya kuliko maji, unashika. Ulimshika paja lote mpaka unyayo.

Jerida anasema Finisi alifungua mdomo. Ule mdomo wa darajani, meno yote. Hakuna kilichotoka. Kefa aliingiza blanketi kinywani mwake mwenyewe. Jerida akashika komeo la mlango, na Finisi akamwangalia akatikisa kichwa, hapana. Akaunyoosha mkono. Jerida akaushika, akaubana, kama walivyofundishwa. Nje mama yao alikuwa akiimba. Wavulana wakamwambia arudie wimbo, akarudia. Jerida sasa ana nywele nyeupe, na kila akifika hapo ananiambia maneno yaleyale: "Hadithi ilikuwa karibu kuisha, mjomba. Nilifikiri ingeisha."

Iliisha. Robai akachukua beseni la nguo, akafungua mlango. Aliona stovu imelala, uji sakafuni, na mtoto wake wa mwisho ameketi ukutani, mguu ule mbele yake, jasho limemtoka kama mtu mzima, mkono ndani ya mkono wa dada yake. Finisi alimwangalia. Tangu aje alikuwa bado anamwita anti, hata siku moja hakukosea. Akasema, kwa ile sauti ya pumzi, "Mama, sikulia."

Yowe lililosikika Muthangari siku ile lilikuwa la Robai. Mzee Mutiso alilisikia getini akakimbia na rungu, akidhani ni wezi. Wavulana walikimbilia ndani. Madam akatoka na taulo kichwani, akasimama mlangoni pa chumba ambacho alikuwa hajakikanyaga tangu ajenge, akawaona watatu wote. Nami lazima niseme alichofanya. Hakuuliza kitu. Alimwinua mtoto yule mwenyewe, uji ukashika gauni lake zuri, akamweka kwenye gari lake, akaendesha na taulo kichwani mpaka hospitali, na huko alilia pamoja na Robai kwenye benchi moja. Mimi nilirudi jioni na saruji kwenye nywele. Mutiso hakuniita Yaya. Alisema, "Kijana, mmoja ameungua," akanifungulia geti kubwa, lile la gari.

Majuzi kwenye maziko Finisi alifika wa mwisho. Wanawake wa kwetu walikuwa wamejipanga njiani kumpokea, maana binti akifika kwa mama yake aliyelala, analia kuanzia barabarani, na wao wanamsaidia, ndio mila. Alishuka kwenye gari, mama mnene sasa, anachechemea kidogo, akapita katikati yao kimya, akaenda akasimama kwenye jeneza kimya, akarudi. Nikasikia mmoja nyuma yangu: "Huyu ana moyo wa mawe. Na mama yake alivyoteseka kumsomesha!" Mwingine akajibu, "Ni hiyo Nairobi." Nilikaa na fimbo yangu. Ningeanzia wapi?

Mazungumzo ya madam na Robai niliyasikia mwenyewe. Nilikuwa kwenye lile sinki nafua suruali ya mjengo, mlango wa jikoni uko wazi. Zilikuwa zimepita siku kadhaa, mtoto ametoka hospitali.

"Robai, mimi si mtu mbaya."

"Ndiyo, madam."

"Ungeniambia."

"Ungekataa, madam."

Maji yalikuwa yakichemka mahali. "Ningekataa," madam akasema. "Ni kweli. Bili ya hospitali nitamaliza mimi. Kazi yako ipo, siwezi kukutupa na mtoto mgonjwa. Lakini sitaki tena. Hiki kitu karibu kiniue. Si Agosti, si Desemba, si siku moja. Ukiona huwezi, niambie sasa. Dada yangu anayekaa Karen anatafuta mtu."

"Huko watoto wanaruhusiwa?"

"Hapana."

"Basi nitakaa hapa, madam."

"Likizo yako nitakupa Januari, kama kawaida. Desemba tuna wageni."

"Ndiyo, madam." Januari, watoto wakiwa wamerudi shule, wawili wakubwa baadaye wakawa bodi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka baada ya mwaka. Robai alitoka nje na karai la maganda ya viazi, akanikuta. "Umesikia," akasema. Nikamwambia nimesikia. "Basi usinirudishie maneno hayo." Na sikumrudishia mpaka amekufa.

Tuliwapeleka kwenye stendi ya mabasi asubuhi, wakasafiri na yule mama wa njugu. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na stendi nzima ilikuwa kilio. Watoto walioletwa kuona Nairobi wanarudishwa kwa nyanya zao, wamening'inia madirishani, wanapiga mayowe, mama zao wanawapa biskuti na kuwaahidi uongo. Wetu walikaa kwenye viti vyao, mikono magotini. Jerida alishika kapu. Kefa alitazama viatu vyake. Finisi alikuwa dirishani, mguu umefungwa kitambaa cheupe kama wa mtoto aliyefungwa plasta. Robai alikuwa amesimama chini, amelishika lile dirisha kwa mikono miwili.

"Finisi," akamwambia. "Mami, hapa unaweza kulia. Angalia, wote wanalia. Hapa hakuna mtu atakusikia."

Mtoto akamwangalia.

"Lia kidogo tu. Nikusikie sauti, niende nayo."

Finisi akabana midomo. Dereva akawasha gari, basi likatetemeka, na Robai akashindwa, sauti ikaanza kumtoka. Ndipo mtoto yule akainama dirishani, akanyoosha mkono wake mdogo, akaweka kiganja kwenye mdomo wa mama yake akakibana. Akakishikilia hapo mpaka basi likasogea na mkono ukaachana na uso.

Robai alilia pale katikati ya stendi, amesimama, bila kuficha uso. Watu wakatupisha. Mama mmoja aliyekuwa anauza mayai ya kuchemsha akaweka ndoo yake chini, akamshika bega. "Nyamaza, mama," akamwambia. "Nyamaza. Desemba si mbali."

"Ni kweli," Robai akasema. "Si mbali." Akajifuta kwa leso, akaniuliza saa ngapi. Wale wavulana wa madam walikuwa hawajala.